Batobato, Michirizi ya Kahawia na Safari ya Pingili za Muhogo

Muhogo haupandwi kwa mbegu itokanayo na tunda bali kwa pingili, yaani vipande vifupi vya shina vinavyokatwa kwenye mmea uliokomaa na kufukiwa ardhini, na ndiyo maana mkulima wa Kagera, wa Busia au wa Uvira huweza kuanzisha shamba zima kwa mzigo mmoja wa mashina aliopewa na shemeji yake wa ng'ambo ya mpaka bila kutoa hata senti. Ukarimu huo ndio ulioueneza muhogo tangu Wareno walipouleta Afrika kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16. Ndio pia unaosafirisha virusi, kwa kuwa pingili ni sehemu ya mwili wa mmea mama, na ugonjwa uliokuwamo ndani ya mama huchipua pamoja na mche mpya.

Magonjwa mawili ndiyo yanayohusika zaidi. Ugonjwa wa batobato, ulioelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutokana na mihogo ya Usambara, huyakunja majani na kuyatia mabaka ya njano, hivyo mkulima huutambua akiwa bado amesimama pembezoni mwa shamba. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani katika milima hiyo hiyo, ni wa hila zaidi: majani ya chini huingia umanjano kandokando ya mishipa, shina hupata michirizi, lakini mmea huendelea kusimama wima na kijani chake, huku mizizi ikiozea ardhini kwa uozo mkavu wa rangi ya kahawia ambao hauonekani mpaka siku ya kung'oa. Hasara yake haipimwi kwa kilo pekee, kwani thamani kubwa ya muhogo kwa kaya maskini ni kule kukaa ardhini kama ghala lisilohitaji mlango, la kufunguliwa mahindi yanapokauka. Panapoingia michirizi ya kahawia, mkulima hulazimika kung'oa mapema, na ghala hilo hutoweka.

Virusi vya magonjwa yote mawili hubebwa na nzi weupe, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu upande wa chini wa majani, ingawa havibebwi kwa namna moja. Kirusi cha batobato huingia mwilini mwa nzi na kukaa humo kwa siku kadhaa, ilhali kile cha michirizi ya kahawia hudumu kwake kwa muda mfupi tu, hivyo nzi hukisambaza zaidi kati ya mashamba yaliyo jirani. Umbali mrefu, wa kutoka wilaya hadi wilaya na nchi hadi nchi, huvukwa hasa kwa baiskeli, kwa malori na kwa mikono ya watu, ndani ya mizigo ya pingili.

Uganda ilipata kuyaonja yote mawili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato ya aina kali mno ilizuka huko, ikasonga kuelekea kusini kwa kiasi cha kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka, kisha ikavuka hadi Kenya magharibi, Kagera na nchi nyingine za Maziwa Makuu, na wakulima wengi wakaacha kabisa kupanda muhogo. Mwaka 1997 wanasayansi walieleza chanzo chake: virusi vya aina mbili, vilivyokutana ndani ya mmea mmoja, vilibadilishana vipande vya chembe za urithi, kikazaliwa kirusi kipya. Nchi ziliitikia kwa kusambaza aina za muhogo zinazostahimili batobato, na chakula kikarudi mezani; lakini nyingi kati ya aina hizo hazikuwa na kinga dhidi ya michirizi ya kahawia, ambayo mwaka 2004 ilionekana Uganda ya kati kwenye mwinuko unaozidi mita 1,000, mahali ambapo watafiti, waliouzoea ugonjwa huo katika nyanda za chini za pwani na kando ya Ziwa Nyasa, hawakuutarajia. Kosa halikuwa kugawa aina mpya, kwa maana watu walikuwa na njaa. Lililokosekana ni kuupima ugonjwa wa pili kwa uzito ule ule uliopewa wa kwanza.

Hata hivyo pingili imebeba pia kinga. Pale Amani, Storey na wenzake walizalisha muhogo kwa mti wa mpira ulio wa jamii yake ili kupata ustahimilivu, na mradi ulipokoma katika miaka ya 1950, uzao wake ulibaki mikononi mwa wakulima. Aina iitwayo Namikonga kusini mwa Tanzania na ile iitwayo Kaleso katika pwani ya Kenya zilipochunguzwa chembe za urithi zilionekana kuwa kitu kimoja, na hadi leo wazalishaji wa mbegu huitumia kama chimbuko la ustahimilivu dhidi ya michirizi ya kahawia.

Kizuizi cha barabarani hakiwezi kuutenganisha mzigo mzima na mzigo mgonjwa, kwa sababu shina lililokatwa na kupukutishwa majani huficha karibu kila dalili. Kwa hiyo Kenya, Malawi, Msumbiji, Tanzania na Uganda zilipokubaliana kubadilishana aina zao bora, kila nchi ikitoa tano, hazikusafirisha mashina bali miche midogo iliyooteshwa kwenye chupa za maabara baada ya kusafishwa na kupimwa virusi. Nchini Tanzania, wakulima wanaozalisha pingili za kuuza hukaguliwa na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, mimea ikiwa bado shambani. Mkaguzi hupita mstari kwa mstari akiinua majani ya chini, yale ya zamani ambayo michirizi ya kahawia hujionyesha kwanza, kabla panga halijagusa shina.