Pointi 50 za Giannis zilitoka wapi?

Msikilizaji, ukisikia "Giannis pointi 50", usiishie hapo, uliza zilipatikanaje. Julai 20, 2021, Milwaukee Bucks waliwafunga Phoenix Suns 105-98 katika mchezo wa sita wa fainali ya NBA, wakatwaa ubingwa waliousubiri tangu 1971. Giannis Antetokounmpo alifunga vikapu 15 vya pointi mbili na kimoja cha pointi tatu. Hizo ni 33.

Zilizobaki 17 ni za mitupo huru, ile anayopewa mchezaji aliyechezewa rafu, kila mmoja pointi moja. Alipata 19, akakosa miwili tu! Katika mtoano ule alikuwa akikosa karibu nusu, mashabiki wa wapinzani wakimhesabia sekunde kwa sauti. Angekosa kwa kiwango kilekile, ushindi wa pointi saba ungeyeyuka karibu wote.