Kumsifu Mtoto Bila Kumharibu

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wengi wetu tulilelewa kwa methali hiyo. Ulichota maji, ukaosha vyombo vikang'aa, mama akaviangalia, akanyamaza. Ulijua kazi imekubaliwa. Siku hizi mtoto anarudi kutoka chekechea na nyota kwenye daftari, na mwalimu amemwambia kwamba ana akili sana. Bibi akisikia hutikisa kichwa: "Mtamharibu huyo." Akina mama, tumsikilize nani?

Katika miaka ya 1970, Robert LeVine wa Marekani na wenzake walichunguza malezi huko Kisii, Kenya, wakayalinganisha na ya Boston. Akina mama wa Boston waliwasifu watoto mara kwa mara. Wale wa Kisii hawakuwasifu ila kwa nadra, wakiamini kwamba sifa humtia mtoto kiburi. Lakini watoto wao walibebwa, walinyonyeshwa, na walibembelezwa upesi walipolia. Basi mama asiyesifu si lazima awe mama asiyependa.

Na hofu ya bibi si ya bure. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck, pia wa Marekani, walieleza jinsi walivyowapa wanafunzi mafumbo ya kutatua. Baadhi walisifiwa kwa akili zao, wengine kwa bidii yao. Yalipokuja mafumbo magumu, waliosifiwa akili walikata tamaa upesi zaidi, na baadaye wakafanya vibaya hata katika mafumbo mepesi. Waliosifiwa bidii waliendelea kujaribu.

Hata hivyo, ukimya nao una hatari yake. Nyumbani kwetu mara nyingi jema hupita kimya, bali kosa moja husemwa mpaka jioni. Mtoto wa namna hiyo atajuaje kwamba amefanya vema? Mtume Paulo aliwaonya akina baba wa Kolosai wasiwachokoze watoto wao wakakata tamaa, na onyo hilo latuhusu nasi akina mama.

Lugha yetu inatusaidia. Mtu mzima akitoka shambani tunamwambia "pole na kazi", tukiheshimu jasho lake. Kwa nini tusimwambie hivyo mtoto aliyehangaika na hesabu? Tumtajie alichofanya: "Umefuta ukaandika tena mpaka ikatoka." Tusimsifu kwa kumdunisha ndugu yake. Akishindwa, tumuulize alikwama wapi kabla ya kutazama alama. Na kikao cha wazazi kikifika, tumwombe mwalimu naye ataje bidii.

Tukumbuke pia kwamba pale Yordani, Baba alitamka kuwa apendezwa na Mwanawe kabla Yesu hajaanza kuhubiri wala kutenda muujiza. Sifa ifuate kazi, lakini upendo usingoje alama za shule. Mtoto aliyeshika mkia darasani naye apakuliwe chakula kwa uso ule ule.