Bustani zinazochuja sumu ya barabarani

MVUA ya kwanza baada ya kiangazi huziacha barabara ziking'aa kana kwamba zimepigwa deki. Je, msomaji, umewahi kujiuliza uchafu huo huenda wapi? Darajani jibu ni rahisi: huingia kwenye matundu ya bomba na kuanguka mtoni, bila kugusa udongo hata kidogo.

Maji hayo hubeba oili iliyovuja, vumbi la shaba kutoka kwenye breki, zinki na chembechembe za mpira wa tairi.

Huko Seattle, Marekani, kwa miaka mingi samaki wa jamii ya salmoni waitwao koho walikuwa wakitoka baharini kwenda kutaga mayai katika vijito vya mji, lakini mvua ikinyesha walikufa kabla hawajataga. Kiini kilijulikana Desemba 2020. Wenye viwanda vya tairi hutia kemikali iitwayo 6PPD ili mpira usipasukepasuke kwa gesi ya ozoni. Ikikutana na ozoni hugeuka kuwa 6PPD-kwinoni, na hiyo ndiyo iliyowaua koho kwa muda wa saa chache tu.

La ajabu ni kwamba tiba ilitangulia kupatikana. Mnamo 2015 watafiti wa jimbo hilo la Washington waliripoti kuwa walichukua maji ya barabara kuu na kuyapitisha katika tabaka za mchanga, mboji na maganda ya miti. Koho wachanga waliotiwa katika maji yaliyochujwa waliishi. Waliotiwa katika maji yasiyochujwa walikufa wote.

Leo chini ya daraja la Aurora mjini humo, lililofunguliwa 1932, kuna bustani za namna hiyo. Maji hushuka kwa bomba hadi kwenye mabonde madogo yaliyopandwa nyasi na vichaka. Udongo hunasa madini na mafuta, vijidudu hula sehemu ya mafuta hayo, nayo mizizi huzuia udongo usishikane.

Hatusemi kwamba maji hayo humuua binadamu kama yanavyomuua koho. Lakini 6PPD hutumika katika tairi ulimwenguni kote, za matatu zetu zikiwemo, na mito ya Nairobi huingia Athi, ambao maji yake hunyweshewa mifugo na kumwagiliwa mboga.

Wapo watakaouliza: si tutafuga mbu? La, ikiwa bustani imejengwa sawasawa. Maji yapaswa kunywea kabla ya siku mbili kupita, ilhali yai la mbu huhitaji takriban wiki nzima au zaidi kufikia kuwa mbu anayeruka. Bonde likiziba kwa takataka, hapo ndipo mbu hukaribishwa. Kwa hivyo tope la juu lazima liondolewe kila mara, tena na mtu aliyevaa glavu, na lisipelekwe shambani kama mbolea.

Na sukumawiki isipandwe humo, hata kama itastawi vipi.