Vyungu vya Ikombe vinahitaji mpambaji anayejua kuandika

Jumamosi ni siku ya gulio la Lyulilo, kando ya Matema wilayani Kyela, na bidhaa inayolipatia jina ni vyungu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya Milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa, huvifinyanga kwa mkono, huvichoma kwenye moto wa wazi na kuvileta kwa njia ya maji. Wachuuzi huvipeleka Kyela mjini, Mbeya, hata Dar es Salaam.

Chungu kilichofinyangwa kwa ajili ya kupikia au kuwekea maji hugeuka mjini kuwa chombo cha maua au pambo la sebuleni. Thamani hupanda, lakini mfinyanzi alikwisha kulipwa bei ya chombo cha jikoni.

Pengo hilo ndilo ajira ya mpambaji wa ndani aliye pia mwandishi. Huchagua vitu, hupanga chumba, humwelekeza mpiga picha, kisha huandika: chombo kimetoka wapi, kimefinyangwa na nani, kinatunzwaje. Anaweza kudai ada ya kupanga chumba, malipo ya makala na kamisheni ya mauzo. Anayeanza hana budi kuchanganya vyote vitatu.

Wateja wa kuanzia wako karibu. Matema ina nyumba za wageni ufukweni. Kyela ina wakulima wa mpunga na kakao. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilivuka dola 10,000 kwa tani. Haikudumu, lakini mkulima aliyejenga wakati ule sasa ana sebule ya kupamba.

Kuandika habari za nyumba za huku si jambo jipya. Mwaka 1879 msafiri Joseph Thomson wa Uskoti alifika kaskazini mwa ziwa, na baadaye akasifu kitabuni unadhifu wa vijiji vya Wanyakyusa, wenyeji wa huku. Sifa zilifika Ulaya. Wajenzi hawakupata mteja hata mmoja.

Mwandishi wa leo atimize kilichokosekana: ataje jina la mfinyanzi kwa ridhaa yake, aeleze jinsi ya kuagiza, na wakubaliane mgawo kabla ya picha kupigwa. SIDO, shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1973 kukuza viwanda vidogo, lisaidie vifungashio, maana chungu kikivunjika njiani hakuna anayelipwa. Mapambo yatakuwa biashara ya Kyela pale bei ya sebuleni itakapoanza kufika Ikombe.