Rachel, Binti wa Mchuuzi

Mtu asidharauliwe kwa unyonge wa mwanzo wake. Rachel, binti wa mchuuzi wa Kiyahudi, alizaliwa Uswisi mwaka 1821. Utotoni aliimba njiani, mjini Lyon na Paris, apate senti za chakula. Mwaka 1838, akiwa na miaka 17, aliingia Comédie-Française, jumba kuu la michezo ya kuigiza la Ufaransa. Wakati ule michezo ya kale ya Corneille na Racine ilikuwa imewachosha watu. Rachel hakupiga makelele. Alisema kwa sauti nzito, kila neno likasikika, na watazamaji wakarudi. Aliigiza hata London, Urusi na Marekani. Kifua kikuu kilimwua mwaka 1858, lakini michezo ile ingali ikichezwa hata leo.