Je, Wajua? Kidole cha Mchuma Chai Kina Lango

Ukungu ungali umelala juu ya mashamba ya Kericho, na vidole vya mchuma chai vimekwisha kuanza kazi. Vinatafuta majani mawili na chipukizi. Macho huelekeza tu. Mwamuzi ni kidole. Shina changa hukatika kwa wepesi, lililokomaa hukaza. Kidole hujuaje?

Ndani ya ngozi ya vidole kuna miisho ya neva, na katika utando wa seli zake mmejichomeka protini iitwayo Piezo2, jina lililotokana na neno la Kigiriki la kubana. Ina umbo la pangaboi lenye mapanga matatu, nayo huubonyeza utando ukawa kama bakuli. Kidole kinapobana shina, utando huvutika, bakuli hulala, na kitundu cha katikati hufunguka. Ayoni za sodiamu na kalsiamu, zenye chaji ya umeme, humiminika ndani ya seli. Neva hushtuka, na habari hupanda mkononi hadi uti wa mgongo, kisha ubongoni. Nguvu ya mguso ndiyo ufunguo wa lango hilo.

Familia ya Piezo ilitambuliwa mwaka 2010 katika maabara ya Ardem Patapoutian, California. Mwenzake, Bertrand Coste, alikuwa na seli zilizotoa umeme kila zilipodukuliwa kwa kijiti chembamba cha kioo. Akaorodhesha jeni 72 alizozishuku, akazizima moja baada ya nyingine. Seli ziliendelea kuitika hadi alipofika ya 72, hapo zikanyamaza. Ndiyo Piezo1, na dada yake Piezo2 akafuata. Mwaka 2021 Patapoutian alipata Tuzo ya Nobel pamoja na David Julius.

Piezo2 imo pia katika neva za misuli. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walieleza habari za wagonjwa wawili waliozaliwa bila Piezo2 inayofanya kazi: wakizibwa macho, hawakujua mikono yao ilipo, na kutembea kuliwashinda. Lakini mchumaji wa Bomet, ambaye Piezo2 yake ni nzima, hushuka mteremko na kikapu mgongoni, macho yakiwa kwenye majani, wala haitazami miguu yake.

Siku hizi mashine za kuchuma zimeingia mashambani humo. Wembe wake hupita kwa kimo kimoja, ukikata changa na kongwe pamoja. Vidole hulipima kila shina kabla ya kulivunja.