Jino la Nyuma Likivunjika, Usikimbilie Kuling'oa



Hapa kwetu Golf, mtu akivunja jino la nyuma kwa kutafuna mfupa, ao kwa kufungua chupa ya Simba na meno (tabia mbaya kabisa!), neno lake la kwanza ni: "Lingolewe, nipumzike."

Kung'oa ni kazi ya dakika chache. Lakini jino lile ndilo linalosaga nyama na mahindi. Likiondoka, meno ya jirani yanaanza kuinama kuelekea pengo, na lile la upande wa pili linatoka polepole kwa kukosa mwenzake wa kugongana naye.

Shimo dogo linazibwa mumo kinywani, siku ileile. Shida ni shimo kubwa. Kuta za jino zinabaki nyembamba, kama galeri isiyo na nguzo, na siku moja zinapasuka mpaka kwenye mzizi. Hapo hata munganga hodari hana la kufanya zaidi ya kung'oa.

Kwa jino la namna hiyo, kipande kinatengenezwa nje ya kinywa, kisha kinakuja kubandikwa kwa sementi ya meno. Kikijaza katikati tu kinaitwa inlei. Kikifunika na ncha za kutafunia ni onlei. Kikivika jino zima ni taji. Munganga anaondoa uozo, anachonga jino, anachukua umbo lake kwa dawa laini inayoganda. Fundi anamwaga plasta katika umbo hilo, na juu ya plasta anafinyanga kipande cha nta. Nta inazungushiwa kalibu, inachomwa mpaka inatoka yote, na madini ya moto yanaingia mahali pake. Watu wa fonderi wamekwisha kuelewa! William Taggart wa Chicago aliwaonyesha waganga wa meno njia hiyo mwaka 1907, kwa dhahabu. Siku hizi kuna vipande vya kauri pia, na vya kobalti iliyochanganywa na kromu. Ndiyo, kobalti, madini yaleyale ya Katanga yetu.

Sasa sikilizeni vizuri. Kazi hii mara nyingi inataka safari mbili kwa munganga. Katikati, jino linafunikwa na kipande cha muda. Uchungu umekwisha, mtumishi anajiona amepona, harudi tena. Kipande cha muda hakikutengenezwa kwa kudumu: mate yanapenya, uozo unaendelea chini yake, usaha unakusanyika. Taya likivimba na uvimbe ukashuka shingoni, ao kumeza na kupumua kukawa kugumu, nendeni hospitali saa ileile, hata usiku. Mtu anaweza kufa kwa jino.

Wakati wa kungoja, tafuneni upande mwingine, na muache muwa na peremende za kunata. Mswaki uendelee kama kawaida. Kipande kikitoka mbele ya siku, kikunjeni katika karatasi safi, mkipeleke kwa munganga upesi. Gundi ya viatu haitengenezi meno.